Kilimanjaro ya siku moja (Marangu mpaka Mandara) ukitokea Dar: uzoefu wangu na hela ilipopotelea

Kila nikiwaambia watu wa huku Dar kwamba nimepanda Kilimanjaro swali huwa lile lile, ulifika juu? Sijafika na wala sikuwa na mpango huo. Kileleni Uhuru ni mita 5,895, panataka siku tano sita, panataka hela ya maana na likizo ya maana, mimi nilichofanya ni ile ya kwenda na kurudi kwa njia ya Marangu, unaanzia getini unapanda mpaka vibanda vya Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, halafu unashuka siku hiyo hiyo. Na kwa mtu wa Tabata kama mimi, kazini Jumatatu mpaka Jumamosi mchana, naona hiyo inatosha kabisa na msituni kwenyewe ni kuzuri kuliko watu wanavyodhani. Shida iko kwenye namna ya kwenda, hapo ndo watu tunapigwa.

Sisi tulikuwa kikundi cha ofisini, tukanunua pakeji kwa jamaa wa hapa hapa mjini, jina naliacha, anajitangaza sana kwenye status. Maneno yake yalikuwa "kila kitu ndani". Gari linatoka Dar usiku, linafika Marangu alfajiri, mnapanda, mnashuka, mnageuza usiku ule ule, Jumatatu kila mtu mezani kwake. Ukiisoma hivyo unaona mbona poa, hata gesti hatulipi. Sasa Dar mpaka Himo ni zaidi ya kilomita 500 na ile Coaster siti hazilali, magoti yako kwenye mgongo wa mwenzio, Chalinze tumesimama, Segera tumesimama, Same dereva kashuka kunywa supu na sisi tunamsubiri, tunakuja kufika getini saa nne na nusu asubuhi watu macho mekundu na miguu imevimba. Hapo mlima haujaanza. Halafu "kila kitu ndani" ikageuka, kiingilio cha hifadhi eti hakimo, kila mtu ajilipie.

Na kuhusu kulipa, getini hawapokei keshi, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo hela iwe kwenye simu kabla, maana kule kuanza kutafuta wakala ni kazi nyingine. Beba kitambulisho cha NIDA au namba yako, bei ya Mtanzania na bei ya mgeni ni mbingu na ardhi. Kwenye kundi letu dada mmoja alikiacha nyumbani, akakaa dirishani pale anapiga simu kwa mdogo wake ampigie picha kitambulisho amtumie, sisi wote tumesimama tunamwangalia na saa inakwenda.

Ila muda ule wa kusubiri usiumalize kwa selfie tu. Pale getini kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria, na kuna kumbukumbu ya Wachaga waliowaonyesha njia na kuwabebea mizigo, akiwemo Yohani Kinyala Lauwo wa hapo hapo Marangu. Mimi shuleni nilikaririshwa Meyer peke yake. Gaidi wetu (yaani guide, mwongozaji wa mlimani), mzee wa makamo hivi, mtulivu, akatuuliza haya wanangu, mwenge wa uhuru nani aliupandisha kule juu, tukajibu kwa pamoja kama darasa la tatu, Nyerere! Akacheka mpaka akashika fimbo. Mwalimu aliyasema yale maneno ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima mwaka 1959, aliyekuja kuupandisha ni Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na ndo kile kilele kilichokuwa kinaitwa kwa jina la Kaiza Wilhelm kikawa Uhuru. Gaidi wa hivi anakufanya safari iwe safari. Na kupanda bila gaidi mwenye leseni hairuhusiwi kwa hiyo hiyo gharama usijaribu kuikwepa, tafuta mzuri tu.

Njia yenyewe sasa. Geti liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, Mandara ni mita 2,720, kilomita kama nane hivi za kupanda. Mwinuko sio wa kutisha, njia imetengenezwa vizuri, kuna ngazi ngazi na vidaraja, lakini ni kupanda muda wote na sisi tumezoea ngazi za ghorofani Posta. Watu wa mazoezi wanatumia saa tatu, sisi tulienda zaidi ya nne. Nusu saa ya kwanza vijana wetu walikuwa wanakimbia wanapiga kelele, saa ya pili hao hao wamekaa kwenye jiwe wanaulizana maji. Gaidi alikuwa anasema pole pole, na ukimpita tu anakuita, dada rudi nyuma yangu. Mfuate. Kwa urefu ule wengi hawapati shida ya hewa ila kichwa kinaweza kuuma kidogo, na aliyekesha garini ndo wa kwanza kuumwa, niliona kwa macho yangu.

Msitu wenyewe siwezi kuumaliza hapa. Miti mirefu imening'iniza zile ndevu za kijani, ukungu unapita katikati, chini maji yanasikika hata usipoyaona. Mbega wale weusi wenye mikia meupe tuliwaona juu kabisa wametulia wanatuangalia, na kima wa bluu hao wapo karibu na watakuibia chakula usipofunga begi. Gaidi akatuonyesha ua moja dogo pembeni ya njia, jekundu na njano, nyuma lina kimkia kimejikunja kama mkonga wa tembo, ukisimama wima hulioni mpaka uiname. Linaitwa Impatiens kilimanjari na linaota mlima huu tu, kwingine kote duniani hakuna. Tulilizunguka wote kimya, hata wale wa kelele.

Kitu kingine ni wagumu, ndo wapagazi wa mlimani. Wewe unahema na kibegi chako cha sweta na karanga, kijana anakupita na mzigo wa mgeni kichwani, na begi lake mwenyewe mgongoni, na anakuambia pole dada. Pale getini mizigo yao inapimwa, mwisho kilo 20, lakini ukiuona unavyopanda ule mlima wenyewe unanyamaza. Ukiwasikia nyuma yako sogea pembeni wapite.

Mandara ni vibanda vya mbao vya paa la pembe tatu kwenye uwazi katikati ya msitu, pana vyoo, pana meza za kukalia. Hapo ndo tukafungua lanchi boksi za yule jamaa: yai moja la kuchemsha, chapati iliyokauka hadi inavunjika, ndizi moja ndogo na juisi ya pakti. Kwa ile hela! Bebeni chakula chenu, mkate, karanga, matunda, maji lita mbili kwenye chupa ya kudumu maana zile za plastiki za kutupa hazitakiwi hifadhini.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Ukifika Mandara usigeuze. Dakika kama 15 hivi mbele kuna Maundi Crater, kreta ya zamani imeota nyasi, unatoka msituni unapanda ukingo wake na kwa mara ya kwanza unauona mlima, kilele cha Kibo na theluji yake upande mmoja, kilele cha Mawenzi na meno yake upande mwingine, na ukigeuka unaona tambarare mpaka Kenya. Ndani ya msitu huoni kilele hata kidogo, kwa hiyo ukiishia Mandara umepanda Kilimanjaro hujauona Kilimanjaro. Kundi letu nusu walirudishwa pale pale vibandani kwa sababu muda umekwisha, na muda umekwisha kwa sababu tulichelewa kufika. Mimi nilimwomba gaidi, nikaenda na wenzangu wachache mbio mbio, mawingu yakafunguka kidogo tukakiona Kibo, yakafunga. Mchana mawingu ni kawaida, asubuhi ndo mlima unakuwa wazi, sababu nyingine ya kuanza mapema.

Kushuka kunaua magoti na kidole gumba cha mguu. Raba za kuendea sokoni zinateleza mno kwenye tope, nenda Karume utafute buti la mtumba lenye meno, au Memorial pale Moshi, na ulivae wiki nzima kabla. Koti la mvua beba hata kama jua linawaka. Machi mpaka Mei mimi nisingekwenda, masika ya kule sio mchezo.

Nikienda tena naomba ruhusa kazini Ijumaa na Jumamosi, nafanya hivi: basi la alfajiri la Mbezi Luis Ijumaa, nakaa upande wa kulia niangalie milima ya Usambara na Upare njia nzima, nashuka Himo (usipelekwe mpaka Moshi mjini ukaanza kurudi), napanda gari za Marangu Mtoni, nalala gesti pale. Gesti za kawaida zipo, kuna baridi la kweli usiku, omba blanketi la pili. Jioni unakunywa mtori, kesho yake asubuhi na mapema uko getini umelala vizuri, ukishuka unapita maporomoko ya Kinukamori, mbege unakunywa baada ya mlima sio kabla, na Jumapili unarudi Dar. Nilipopiga hesabu ya nauli, gesti, kiingilio na gaidi wa kuchangia watu wanne, ilikuja chini ya ile pakeji, na humo umelala kitandani.

Mlima nyota tano, gaidi nyota tano, mratibu wetu moja na hiyo ni kwa sababu dereva alitufikisha salama. Na tipu ya gaidi mpe mkononi mwake mwenyewe. Sisi tulichanga kwenye gari tukampa yule jamaa akasema atamfikishia, wiki iliyofuata nikampigia mzee kumsalimia na kumshukuru, akaniambia mwanangu, mimi sijaona hata mia.