Kurusha picha ya simu kwenye TV: waya au bila waya?

Kila siku ya mechi hapa Nkuhungu lazima mtu aniulize, kaka simu inagoma kushika TV, ninunue waya au nikomae na waifai? Inategemea aisee.

Bila waya hulipi kitu kama TV yako ni smati, na Miracast (njia ya kurusha picha iliyomo kwenye simu na TV nyingi) haitaki hata bando maana simu na TV zinaongea zenyewe moja kwa moja, ila Chromecast (ile njia ya Google) inataka zote ziwe kwenye waifai moja na hapo ndo wengi wanakwama, simu iko kwenye data, TV iko kwenye ruta, halafu mtu anasema TV mbovu. Juzi kwa mamdogo Area C ilikuwa inazunguka tu "inaunganisha", nikafuta jina la TV kwenye simu, nikazima waifai nikawasha tena, nikaunganisha upya ikakubali. Ila picha inachelewa kidogo, na waifai zikiwa nyingi jirani inakatakata.

Waya wa HDMI hauna hayo, unachomeka picha inakuja. Shida sio kila simu ya Type-C inatoa picha, nyingi za bei ya chini hazina DisplayPort, yaani ule uwezo wa kutoa picha kupitia tundu la chaji, na hata ubadili waya mara tano hutaona kitu, so angalia modeli yako kwanza kabla hujatoa hela. Na waya unakufa pale shingoni ukiukunja kunja.

Kama unaangalia muvi mara moja moja, komaa na waifai. Unaonyesha mpira watu kumi sebuleni na simu inakubali? Chukua waya, mrefu.