Tuisheni ya Biolojia Sinza: mwalimu wa ndoo ya maharage

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na mada iliyokuwa ikimtoa jasho ni mageuko na jenetiki. Nikampeleka tuisheni moja ndogo Sinza, Jumamosi asubuhi, shilingi 5,000 kwa kipindi. Mimi ni mtu wa maabara kwenye zahanati, kwa hiyo niliomba kukaa nyuma nisikilize. Mwalimu akanivutia kiti.

Alitumia ndoo ya maharage, kila punje ikiwa mfano wa jeni: punje 50 nyekundu na 50 nyeupe. Mwanafunzi anafumba macho, anachota 10. Zikitoka nyekundu 7 na nyeupe 3, ndoo ya kizazi kinachofuata inapangwa 70 kwa 30, wanachota tena. Kipindi hakijaisha, nyeupe zimetoweka zote. "Haya, nyekundu zilikuwa na ubora gani?" Hakuna! Ni bahati tu, na kundi likiwa dogo bahati ina nguvu sana. Darasa zima lilikuwa limesimama kuchungulia ndoo.

Kuhusu mbu alishikia bango kweli. Sisi Dar tunasema mbu wamezoea dawa. Akasema mbu mmoja hazoei kitu: dawa inaua wengi, wachache waliozaliwa na jeni ya kuhimili wanabaki, wanataga, na kizazi kijacho jeni hiyo inaongezeka. Kinachobadilika ni kundi.

Kanuni ya Hardy na Weinberg ya 1908, ya kukadiria jeni ilivyoenea kwenye kundi, aliifundisha kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaompata mwenye nakala mbili za jeni yake. Kiwango cha jeni hiyo ni q, cha jeni ya kawaida ni p. Tuseme mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na ugonjwa. Basi q² ni 0.01, q ni 0.1, p ni 0.9, na wabebaji, wenye nakala moja tu, yaani 2pq, ni 0.18. Watu 18 kati ya 100! Kazini kwangu anayeletwa na maumivu ni yule mmoja. Hao 18 wanapita mtaani wazima, wengi hawajijui. Na kwa nini jeni haifutiki? Mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa huku kwetu Afrika Mashariki, kwamba mwenye nakala moja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Kasoro zipo. Chumba kina joto, feni moja. Uhamaji wa jeni kati ya makundi na mutesheni (mabadiliko ya jeni yenyewe) vilipitiwa mbiombio, na watoto wanaviulizwa kwenye mtihani. Fotokopi ni hafifu mno, ile 2 ndogo juu ya q haionekani kabisa, na bila hiyo hesabu yote inaharibika. Mkimpeleka mtoto, mwambieni awahi kiti cha mbele na fomula azinakili ubaoni.