Fundi wa kupima umeme wa nyumba hapa Mtwara mjini: mwite kabla hujanunua taa wala friji

Wadau wa Mtwara na Lindi, mmeniuliza sana inbox kuhusu yule fundi anayepita majumbani kuangalia umeme unaliwa na nini, bora niandike hapa kila mtu asome. Nilimwita kwa mama, Chikongola, nyumba ya bati ya siku nyingi waliyojenga na marehemu baba kwa hela za korosho, na waya nyingi ni za kipindi hicho hicho. Mama yuko na wajukuu tu, kipato chake ni vitumbua, na luku (umeme wa kununua kabla ya kutumia) ilikuwa inamkausha kabisa.

Kwanza tuelewane kwenye bei maana hapa ndo watu wanaumia bila kujua. Ukiwa daraja la bei la D1, yaani matumizi hayazidi yuniti 75 kwa mwezi, yuniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na makato, elfu moja inakupa yuniti nane na kidogo. Ukizidisha wanakuhamishia T1, daraja la bei ya kawaida, elfu moja ile ile inakupa yuniti mbili na nukta nane hivi. Karibu mara tatu! Kwa hiyo mama wa vitumbua anayezidisha yuniti chache tu anajikuta analipia bei moja na mtu mwenye eisii kila chumba.

Sasa kazi yenyewe. Fundi kaja, kasalimia, akamwambia mama naomba tuzime kila kitu, na kweli tulizima mpaka chaji za simu tukachomoa, halafu akachuchumaa mbele ya mita akawa anakiangalia kile kitaa chekundu. Kama hakuna kitu kinakula umeme kinatakiwa kitulie, chenyewe kikawa kinakonyeza, polepole lakini kinakonyeza. Akapanda darini, akakuta kiungio cha waya kimefungwa kitambaa na selotepu, kimelalia ukuta wa bafuni wenye unyevu, kimeota kutu ya kijani (chumvi ya bahari hapa kwetu haiachi kitu), umeme ulikuwa unavujia ukutani usiku na mchana. Achana na hela, pale wajukuu wanaoga! Alikata akaunga upya na konekta ya plastiki, mita ikatulia. Mi kwa hilo peke yake hela yake nililipa kwa moyo mweupe.

Cha pili ni taa ya nje. Mama anaiwasha magharibi mpaka asubuhi kwa ajili ya vibaka, balbu ya wati 100 ya kizamani. Fundi akatupigia hesabu pale pale: yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 100 kwa masaa 12 ni yuniti 1.2 kwa usiku mmoja, mwezi mzima ni yuniti 36. Nusu ya zile 75 zinaliwa na balbu moja ya uani! Tumeweka LED ya wati 9, mwezi haifiki hata yuniti 4 na mwanga unatosha mpaka kwa jirani.

Friji nalo, la mtumba, muuzaji alituapia halili umeme. Fundi kabana noti ya elfu mbili mlangoni, akaivuta ikatoka kama hakuna mlango, mpira umechoka, ubaridi unatoka mota inazunguka haipumziki. Alibadilisha mpira, akafuta vumbi nyuma, akalisogeza mbali na ukuta, basi.

Joto la bati alisema tupake rangi nyeupe juu na tufungue matundu ya hewa ili upepo wa kusi upite darini, hilo bado hatujafanya, hela haijapatikana, na hapa ndo nina neno. Marekani wana mpango wa serikali tangu 1976, mwenye nyumba wa kipato cha chini anapelekewa mpimaji, wanafunga feni kubwa mlangoni kuona hewa inavuja wapi maana kwao shida kubwa ni baridi, halafu wanaziba na kurekebisha bure. Wanapima kwanza ndo wanatoa msaada. Kwetu ruzuku zipo, na nashukuru kwa dhati, REA (wakala wa nishati vijijini) wameuza mitungi ya gesi ya kilo 6 nusu bei, wameleta na majiko banifu (yanayokula kuni au mkaa kidogo), na mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi. Shangazi yangu Tandahimba alipata mtungi, alifurahi mno. Ila kujaza ni bei kamili, kwa hiyo msimu wa korosho anapikia gesi, hela ikiisha mtungi unakaa pembeni anarudi kwenye kuni. Angekuja mtu akakaa naye jikoni akaona anapika nini na hela anapata miezi gani, labda angeshauriwa kitu kingine kinachomfaa mwaka mzima. Natamani sana ruzuku zije na fundi wa kupima, hata mmoja kwa kata.

Mapungufu ya fundi wetu: haandiki chochote, anaongea tu, mama kesho yake kashasahau nusu, ilibidi nirekodi kwa simu. Pia anauza taa mwenyewe na ziko juu kidogo kuliko madukani sokoni, hakulazimishi lakini ujue. Na nje ya mjini haendi mpaka mchange nauli.

Nampa nne kati ya tano. Mkimwita, muiteni nyumba mbili tatu za mtaa mmoja anapunguza bei, na muwe na risiti za luku za miezi ya nyuma, ndo kitu cha kwanza anachoulizia. Mkishaona mmeshuka chini ya 75 miezi kadhaa nendeni TANESCO na hizo risiti mkaombe kurudishwa D1, mama yangu ameshapeleka anasubiri jibu.