Kupimwa afya ya akili chuoni: dodoso sawa, ukumbi hapana

Chuo chetu hapa Dar kilitangaza upimaji wa afya ya akili, bure. Hosteli wakaanza kutaniana kwamba tunapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikaenda hivyo hivyo.

Wanatumia PHQ-9 ya Kiswahili, dodoso la dalili za sonona: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kuanzia usingizi na hamu ya kula hadi kujiona umeshindwa. Kila swali ni 0 mpaka 3, jumla ya juu 27, na ukifika 10 wanataka kukuona. Inafuata GAD-7 ya wasiwasi, halafu AUDIT ya pombe.

Dodoso sina ugomvi nalo. Tatizo ni ukumbi. Tulibanana kama daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, na swali la tisa linauliza kama umekuwa ukiwaza ni heri ufe, au kujidhuru. Nani ataweka 3 huku jirani anachungulia? Jamaa wa kulia kwangu alizungushia sifuri toka juu hadi chini, akawahi kipindi. Kwenye pombe ndiyo kabisa. Nawajua watu wa boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) likiingia, na siku ile wote walikuwa walokole.

Mimi nilipata 13. Muuguzi wa zahanati alinipigia simu, hakuita jina langu mbele za watu, tukakaa chumba chenye mlango unaofungwa. Cha kwanza alinieleza kwamba alama hizo hazisemi nina sonona, zinasema tuongee. Akarudia maswali kwa mdomo, taratibu, akauliza na habari za nyumbani, na ada. Mitihani ya chuo, UE, ilikuwa inakaribia, na kipindi hicho usingizi anao nani? Akasema tutapima tena mitihani ikiisha.

Nikamuuliza karatasi inaenda wapi.

"Inabaki kabatini kwangu, mdogo wangu. Mkuu wa idara haioni. Ila nikiona uhai wako uko hatarini, hapo lazima nimwite mtu."

Jibu hilo lilistahili kutangazwa ukumbini kabla hatujashika kalamu.

Kasoro nyingine: mshauri nasaha ni mmoja kwa chuo kizima, foleni yake inachosha.

Marudio nilijazia zahanati, alama zikashuka hadi 8, na vikao naendelea navyo. Ukiitwa, nenda, ila omba kujazia huko huko zahanati. Wanaruhusu, hawatangazi tu.