Tarehe: Excel ao Calc?

Hapa Goma mashini yangu moja iko na Excel, ingine LibreOffice Calc, zote ni programu za kupangia hesabu na liste mu tablo, na kwa kuandika tarehe miye naegemea Calc. Excel inafata tu reglaje ya mashini: kama iko ya Marekani, ukiandika 3/4 inaelewa mwezi wa tatu tarehe 4, na 15/4/2024 inaiacha kama maneno, utaona imebanwa kushoto, njo vile siku moja risiti ya mafuta ilinipotea mu liste. Calc nayo inakosaka ivo ivo, ila mu opsioni zake unajiandikia tarehe za namna gani ikubali, ukiondoa ile ya siku na mwezi bila mwaka, 7/12 inabakia 7/12. Ndani zote zinaweka tarehe kama namba ya siku tu, kuhesabu kuanzia karibu na 1900: 45000 ni 15/3/2023, ila Excel inahesabu ata 29/2/1900, siku haikukuwaka!