Nebulaiza, balbu na mzani: siku 45 za mafua ya baji wangu

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma hapa mkiwa mmesimama dukani na pesa mkononi. Nebulaiza ya kushika mkononi, ile mashine inayogeuza maji kuwa ukungu ili ndege mgonjwa auvute: nyota 3. Balbu ya joto: 4. Mzani wa jikoni wa shilingi 35,000 za Uganda: 5, na kama kungekuwa na ya sita ningeupa. Daktari wa mifugo aliyekuwa akija nyumbani simpi nyota, huyo namwombea dua.

Mimi mtu wa Mombasa, niko Mengo hapa Kampala mwaka wa tisa sasa. Nafuga baji, wale kasuku wadogo wa asili ya Australia wanaopiga soga kutwa kama wake wenza waliopatana. Walikuwa watano: Limau, Samawati, Kilua, Mchicha na Kashata. Wa sita nilimnunua mwezi wa nne, mvua zimeshika, kwenye duka moja mjini ambalo sitalitaja. Nilimkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamefutuka kama mpira. Muuzaji akasema ni baridi tu. Nikamwonea huruma, nikamwita Mgeni, nikamtia tundu moja na wenzake siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu. Ndege mpya hukaa chumba chake peke yake si chini ya siku 30 kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Nilikuwa nalijua hilo nikajitia hamnazo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu yeye ndiye aliyetugawia majembe. Alianza kupiga chafya. Wiki haijaisha, Limau naye anachemua, manyoya juu ya pua yamelowa na kugandana. Kashata akawa analala mchana, na kila akivuta pumzi mkia unapanda na kushuka. Ukiona mkia wa baji unapiga pampu namna hiyo naye ametulia tu kijitini, usingoje kesho. Mimi nilingoja.

Nilingoja kwa sababu nilimpigia yule muuzaji, akaniambia nitie antibayotiki ya kuku kwenye maji, ile ya unga. Nikanunua, nikakoroga, maji yakawa ya njano kama juisi ya pasheni. Siku mbili hakuna aliyeyagusa. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba baji ni ndege wa nchi kame, anaweza kukaa na maji kidogo sana, na maji yakiwa machungu anayasusa kabisa. Kwa hiyo dawa haikuingia, na kiu juu yake. Kashata alikufa alfajiri ya siku ya tatu. Nilimkuta chini ya tundu, mwepesi kama ganda la njugu.

Jirani yetu Ssalongo, ambaye anafuga kuku nyuma ya ukuta wetu, alipoona nachimba shimo dogo chini ya mpapai akaja mbio. "Mama, hiyo si homa ya ndege?" Simlaumu. Mwaka 2017 ndege wa porini walikufa ukingoni mwa ziwa upande wa Entebbe, serikali ikatangaza homa ya ndege, na wafugaji wa kuku hawajasahau. Yeye ndiye aliyenipa namba ya daktari.

Daktari alikuja na boda jioni hiyo, kijana mpole, ada yake 50,000 na nauli juu yangu. Kabla hajatazama ndege alitutazama sisi. "Nnyabo (yaani mama), nani humu ndani ana homa? Nani anaumwa kichwa, anakohoa kikavu? Kuna mjamzito?" Wifi yangu alikuwa kwetu, mimba ya miezi sita. Daktari akasema ahame usiku huo huo. Akatueleza kwamba anachoshuku ni homa ya kasuku, ugonjwa wa bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, na huyo humhamia binadamu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka na manyoya. Ndiye aliyezusha taharuki ya mwaka 1929 na 1930, kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini walipougulisha watu Marekani na Ulaya. Wifi akaenda kwa shangazi yake Kawempe na begi moja.

Nikamuuliza kuhusu maabara. Akasema anaweza kupeleka kinyesi kipimwe, ila bakteria huyo hutoka kwa vipindi, kwa hiyo sampuli moja ikirudi safi bado haimtoi ndege hatiani. Akapendekeza tuwatibu wote, wanaoumwa na wasioumwa, siku 45 bila kuruka hata moja, kwa antibayotiki iitwayo doksisaiklini, ya kunyweshwa mdomoni. Kisha akauliza swali ambalo nilidhani ni utani: "Huyu ana gramu ngapi?"

Nikacheka. Baji ana gramu? Anazo, 30 hadi 40 hivi kwa kawaida, na dawa hupimwa kwa hizo. Ndiyo maana kipimo sikiandiki hapa hata mkinibembeleza. Kipimo cha Limau si cha Kilua.

Kwa hiyo mzani. Niliununua kesho yake, ule bapa wa kioo wa kupimia unga, unaosoma gramu moja moja. Nikaweka juu yake kibakuli cha plastiki, nikabonyeza isome sifuri, nikamwaga punje chache za ulezi katikati. Siku ya kwanza hakuna aliyekubali. Siku ya pili Mchicha, ambaye tumbo lake ndiyo dini yake, akaruka ndani: 39. Wengine wakamfuata. Baada ya wiki, nikigonga tu ule mzani kwa kucha walikuwa wanapanga foleni.

Ndege huficha ugonjwa. Porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa, kwa hiyo atakula mbele yako, ataimba mbele yako, na ndani anateketea. Wengine wanajifanya wanakula: wanamenya punje na kuiacha idondoke. Macho yangu yalikuwa yanasema Kilua ni mzima kabisa, anacheza na kengele yake, anamchokoza Samawati. Mzani ukasema 38 Jumatatu, 37 Jumanne, 35 Alhamisi. Daktari alikuwa ameniambia ndege akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito nimpigie hata kama ni saa nane usiku. Nilimpigia hata kabla haijafika huko. Akaja, akamsikiliza kifuani, akasema hewa inapita kwa mkwaruzo. Mkia wake ulianza kupiga pampu siku iliyofuata, lakini alikuwa tayari kwenye joto na anapewa chakula laini kwa bomba la sindano. Hebu niambieni, kama si mzani?

Kasoro unayo. Unajizima kila baada ya dakika moja hivi, ndege bado anasitasita. Na betri zake za duara zikikaribia kuisha, unadanganya: asubuhi moja ulinisomea Samawati 44, nikashangilia, kumbe betri. Sasa kabla ya kuwapima napima kwanza shilingi mia tano ya chuma, ile ile kila siku, nikiona imebadilika uzito najua tatizo si ndege.

Nebulaiza sasa, ambayo ndiyo iliyokula pesa. Daktari alitaka wavute ukungu wa maji ya chumvi ya hospitali mara mbili kwa siku ili makamasi yalegee. Nilianza kwa kuazima nebulaiza ya kompresa, ile ya pampu ya hewa, ya mtoto wa jirani mwenye pumu. Jamani, ule mlio ni mashine ya posho! Limau alijirusha kwenye kuta za kasha mpaka akatoa damu bawani. Ndege anayehangaika kupumua ukimtisha unamuua wewe, wala si ugonjwa. Nikarudisha, nikaenda famasi ya Wandegeya nikanunua hii ya kimya, ya betri, yenye kiwambo cha matundu madogo sana kinachotikisika. 190,000.

Inavyofanya kazi: nina kasha la plastiki lenye kifuniko, nimetoboa matundu ya hewa, nimepitisha kijiti cha kukalia. Mdomo wa nebulaiza unaingia kwenye tundu la ubavuni, ukungu unajaa taratibu, na ndege anakaa humo dakika kumi mimi nimekaa pembeni namtazama. Mara ya kwanza Samawati alikodoa, akanyoosha shingo, kisha akafumba jicho moja kama mzee aliyeketi barazani upepo wa kaskazi ukimpiga. Akatoka akapiga chafya tatu nzito, pua ikafunguka, akaenda kula. Umeme ukikatika, na ulikatika, mashine haijali.

Mbona 3 tu basi? Siku ya sita iligoma. Nilikuwa naisuuza kwa maji ya bomba, chokaa ikaziba yale matundu. Nikailoweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, mbali na ndege kwa sababu ya harufu, ikafufuka lakini haikurudi kuwa ile ile. Maji ya kuisuuzia ni yale yaliyokenekwa, na karatasi ya maelezo imeandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Na la pili, ambalo halikuandikwa kokote: ilinifanya nijione natibu. Ukungu unapendeza machoni, unajisikia daktari. Yule muuzaji angeniuzia hiyo badala ya dawa ningeondoka nimeridhika. Ukungu ulilegeza makamasi, ndiyo kazi yake. Bakteria aliuawa na doksisaiklini.

Balbu haina hadithi ndefu. Ndege mgonjwa anatakiwa joto la nyuzi 30 hivi, na usiku wa Kampala wa masika ni baridi. Balbu hizi za kisasa hazitoi joto la maana; nilizunguka maduka matatu nikapata moja ya zamani ya wati 60. Iwake upande mmoja wa tundu tu ili akiona joto limezidi ajisogeze. Umeme ukienda, nilitia maji ya moto kwenye chupa ya soda nikaifunga kwa kanga. Jiko la makaa usithubutu kuliingiza chumbani, moshi wake unamaliza ndege kabla ya watu.

Kwa kweli moshi ndio ulionitoa jasho kuliko dawa. Daktari alinusa mlangoni akauliza ni nini. Nikamwambia udi, leo Alhamisi. Akatingisha kichwa. Mapafu ya ndege hayafanani na yetu. Hewa inapita mpaka kwenye vifuko vya hewa mwilini, na chochote kilichomo humo kinakwenda nayo. Kwa hiyo siku 45 bila udi, bila ubani, bila dawa ya mbu ya kuchoma wala ya kupuliza. Hata kikaango changu kisichogandisha chakula nilikitoa. Kikipata moto kupita kiasi mvuke wake huua ndege kwa muda mfupi sana. Baba watoto alivumilia yote, chapati za kikaango cha chuma na mbu, lakini la udi alilisema kila Alhamisi.

Kitu kimoja kiliniuma kidogo. Mama yangu huokota mifupa ya ngisi ufukweni akanitumia kwa basi, baji waitafune wapate chokaa. Daktari akaiondoa yote siku ya kwanza: chokaa hujishikanisha na doksisaiklini tumboni, dawa ikapita bure. Nilimpigia mama kumwambia asitume. Akauliza kama na samaki nimeacha kula.

Usafi: barakoa kila siku, kinyesi nakilowesha kwanza kwa maji ndipo nafuta, nisitimue vumbi. Tundu nalisugua kwa sabuni, kisha jiki sehemu moja kwa maji 32, ndege wakiwa chumba kingine, nasuuza na kulianika mpaka harufu iishe. Kuchosha kunachosha.

Siku ya 46 niliwapima wote watano. Limau 36, Samawati 37, Kilua 38, Mchicha 42 (tutaongea naye). Mgeni, aliyekuja na 29, alisoma 34, akaniuma kidole. Wifi baadaye alijifungua salama, mtoto wa kike, na Ssalongo hakupoteza kuku hata mmoja. Mifupa ya ngisi imerudi tunduni.

Nebulaiza iko kabatini ndani ya mfuko wake. Mzani bado uko kazini kila asubuhi, na baba watoto anauulizia kwa ajili ya unga wa mahamri. Nimemwambia huo umeshakanyagwa na miguu ya kila aina, anunue wake.