Pawa saplai ya 12V 30A, kile kibati chenye matundu: miezi mitano baadaye

Kila mteja akikaa kwenye kiti lazima aulize, oya kinyozi hiyo redio ya gari unaiwashaje bila betri? Jibu ni kile kibati cha silva kilichopigwa skrubu ukutani, pawa saplai ya 12V, stika inasema 30A 360W, nilinunua Kariakoo kwa 45,000, jina la kampuni halipo kabisa.

Kabla ya hapo nilikuwa na transfoma ya chuma, fundi mmoja alinisukia, zito kama tofali na linavuma mmmm mchana kutwa. Hiki kibati hata kilo moja na nusu hakifiki. Nikajiuliza uzito umeenda wapi, nikakifungua (nilikichomoa nikakiacha kikae kwanza, zile kapasita kubwa zinabaki na umeme wa kukutupa chini).

Kumbe umeme wa ukutani unacheza mara 50 tu kwa sekunde na kwa mwendo huo wa pole transfoma inataka chuma kingi. Humu ndani 230V inapita kwenye dayodi inakuwa DC (umeme wa njia moja kama wa betri) ya kama 325V, inatunzwa kwenye kapasita mbili, halafu transista zinaikatakata washa zima washa zima mara makumi elfu kwa sekunde, ndo inaingia kwenye katransfoma ka ferraiti (kauri yenye chuma ndani yake) kanakoenea kiganjani. Ni kama kuhamisha maji ya pipa, ukienda taratibu utataka ndoo kubwa ila ukiwa na mbio hata kikombe kinatosha. Upande wa pili kuna dayodi tena, koili na kapasita za kuusafisha. Kwangu kuna chipu ya TL494 inayochungulia volti zinazotoka, zikishuka inaziachia transista muda mrefu zaidi wa kuwaka, zikizidi inabana. Ndo maana jioni umeme wa mtaani ukizidiwa mpaka mita inasoma 190, balbu za jirani zinafifia mi muziki wangu haujui kitu.

Sasa lawama, na zipo. Hiyo 30A ni ya kwenye stika. Nilifunga balbu za taa za gari za 55W moja moja: nne ikatulia volti 11.7, ya tano ikashuka 11.2, ya sita pawa saplai ikazima kabisa mpaka nilipoichomoa na kuirudisha. Mi naihesabu ni ya 20A basi. Pia usipofunga waya wa ethi (wa ardhini) lile bati linatekenya ukiligusa, hasa ukiwa na jasho au uko pekupeku, mwanzo nilidhani nimechanganya waya kumbe kuna vikapasita vya kuzuia kelele vinavyovujisha umeme kidogo kwenye hilo bati. Na FM, stesheni za mbali zinakwaruza, yale makato ya ndani yanarusha kelele hewani, ukicheza flash au blutuuthi husikii kitu.

Kubwa kuliko yote ni kaswichi kekundu pembeni, 115/230. Yangu ilikuja kwenye 230 sawa, ila jirani yangu anayeuza simu alinunua kama hii akachomeka bila kuangalia, ilikuwa kwenye 115, pa! moshi na vipande vya karatasi duka zima. Kwenye 115 saketi inazidisha volti mara mbili, sasa ukiipa 230 kapasita zinapewa mara mbili ya volti zake za kawaida, zaidi ya zinachoweza. Muuzaji hakumwambia lolote na pesa hakurudishiwa.

Kwa redio, amplifaya ndogo na taa za LED za kioo chote naipa nyota tatu na nusu. Mwezi ujao naongeza ya pili ya taa za nje, ila hako kaswichi nakaangalia mwenyewe hapohapo kaunta kabla sijatoa hela.